Kufufua ufukwe wa magodauni yaliyokufa: mwongozo kamili kwa watu wa Kigoma na miji mingine ya ziwani

Kila mji wenye bandari ya zamani una kipande chake cha namna hii, godauni limefungwa na bati zimeoza, reli imefunikwa na majani, karakana imebaki na sakafu nyeusi ya oili, halafu kuna ukuta unaowanyima watu maji ambayo yako mita thelathini tu mbele yao. Na kila baada ya muda anatokea mtu na picha safi ya kompyuta, vioo, bustani, hoteli, boti nyeupe, na kwenye hiyo picha humuoni mama hata mmoja anayeanika dagaa. Hiyo ndo inaniuma. Ninachoamini mimi ni kwamba ufukwe kama huu unafufuliwa kwa kujua kwanza nani anakula hapo leo na kitu gani kimelala ardhini, mchoro unakuja baadaye kabisa. Ukianza na mchoro utaishia kwenye kesi, au kwenye uzio, au kwenye jengo zuri lililosimama ndani ya maji.

Mwongozo huu ni wa kamati za mitaa, vikundi vya wavuvi na wachakataji, madiwani, na vijana wa mipango miji wanaotaka kuanza kitu bila kusubiri mwekezaji. Mifano mingi ni ya Kigoma ila ukiwa Mwanza au Bukoba au Mtwara utajiona humu humu.

1. Jua ardhi ni ya nani, yote, mpaka kipande cha mwisho

Ardhi ya bandari ina tabaka nyingi kuliko watu wanavyodhani. Angalia Kigoma tu: reli ya kati ilifika hapa 1914, meli ya Liemba ililetwa ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku kutoka Papenburg Ujerumani ikaunganishwa hapa hapa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Katikati ya hapo, 1921, Ubelgiji ikapewa eneo lake la bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka ili mizigo ya Kongo ipite. Baadaye vitu vingi vikawa chini ya mashirika ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka ilipovunjika 1977, vikagawanywa. Kwa hiyo usishangae leo ukikuta gati ni la taasisi moja, reli inayoingia kwenye hilo gati ni ya nyingine, godauni ni la tatu, na njia ya kupita katikati haina mwenyewe kwenye karatasi yoyote.

Cha kufanya: nendeni ofisi ya ardhi ya manispaa, mwenyekiti wa mtaa akiwepo na barua yenye muhuri, mwombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu na ramani ya upimaji, kisha kwa kila kiwanja chenye hati lipieni upekuzi rasmi. Kwa ardhi ya TPA (mamlaka ya bandari) na ya TRC (shirika la reli) barua ipitie kwa mkurugenzi wa manispaa, msiende wenyewe getini kugombana na walinzi. Tengenezeni jedwali la kawaida tu, kiwanja, mmiliki, matumizi yaliyoandikwa, matumizi halisi. Ile safu ya mwisho ndo itakayowapa nguvu mbele ya safari kwa sababu mahali palipoandikwa "viwanda" mtakuta pamekuwa soko la samaki miaka yote.

Na hapo hapo jueni habari ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wanaitumia hii sheria kuwatisha mama lishe halafu wanaisahau ikija hoteli. Chukueni futi kamba, pimeni, wekeni alama, mjue nini kiko ndani na nini kiko nje, na chochote mnachotaka kiwe ndani kiongeeni mapema na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi yao iko hapa hapa Kigoma, hakuna sababu ya kusema hatukujua.

2. Hesabu watu, na uhesabu wakati sahihi

Hapa ndo penye moyo wa kazi yote na ndo panaporukwa sana.

Mtaalamu anatoka mbali, anakuja na droni, anapiga picha ufukwe uko mtupu, anaandika kwenye ripoti kwamba eneo halitumiki. Kumbe amekuja wakati wa mbalamwezi! Dagaa wa kwetu wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauvuti kitu, vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, vinapumzika, watu wanashona nyavu nyumbani au wanalima. Mtu huyo huyo angekuja siku kumi na tano baadaye saa kumi na mbili asubuhi angekosa pa kukanyaga. Na sasa kuna kufunga ziwa, mfano 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, ukihesabu watu kipindi kama hicho utasema mwalo, pale samaki wanaposhushwa, umekufa.

Kwa hiyo hesabuni angalau mara nne: alfajiri ya siku za giza, mchana wa siku za giza, mbalamwezi, na siku ya boti za abiria, maana sehemu kama Kibirizi siyo samaki tu, ndo njia ya watu wa vijiji vya kaskazini na wanaokwenda Gombe. Andikeni kila aina ya mtu, msiishie kwa wenye vipe. Kuna wavuvi vibarua, wabeba mizigo, wachakataji, wauza barafu, mafundi boti, wauza mawese, mama lishe, wenye bodaboda, wachuuzi wanaonunua debe moja moja. Vijana wanaokodisha taa na betri nao wamo.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa. Usimwendee mama na fomu mkononi kama karani wa kodi. Kaa kwenye kigoda umsaidie hata kugeuza dagaa, msalimie vizuri, shikamoo mama, habari za kazi, kisha uliza vitu vya kawaida: hapa umeanza kuanika lini, mvua ikinyesha unakimbilia wapi na mzigo, maji ya kuoshea unatoa wapi, choo unaenda wapi, hela ya ushuru unampa nani na anakupa risiti? Swali la choo peke yake litakupa nusu ya mpango. Akina mama wengi wanaofanya kazi ufukweni wanakaa toka alfajiri mpaka jioni na choo cha karibu ni cha kulipia au kimefungwa, ukiona hilo utajua kabisa jengo la kwanza kwenye mradi linatakiwa kuwa lipi.

Orodha ikikamilika isomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa, watu wasahihishe, isainiwe, ipigwe picha, iwekwe tarehe, nakala moja ibaki kwa mtaa, moja kwa kata, moja kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Tarehe ni muhimu sana kwa sababu siku mradi ukitangazwa nguzo na maturubai vitaota usiku mmoja na wenye haki watachanganywa na waliokuja jana. Kingine, fidia yetu inaangalia ardhi na maendelezo, kisha posho za usumbufu, usafiri na mengine, na ikishaidhinishwa inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita. Sasa mama mwenye turubai na chanja tatu mthamini hana cha kumwandikia. Kinga yake ni kuwa kwenye ile orodha na mpango wenyewe useme waliomo wanarudi hapa hapa kazi ikiisha, kwa majina.

3. Soma udongo

Karakana ya zamani haifi na kuondoka hivi hivi. Inaacha oili, dizeli, rangi yenye madini ya risasi, mafuta ya transfoma za zamani ambayo yanaweza kuwa na kemikali za PCB, na juu ya paa asbesto. Wazungu wameigawa kazi hii mara mbili na mgawo wenyewe ni mzuri kwetu kwa sababu nusu ya kwanza haina gharama.

Nusu ya kwanza ni historia. Tafuteni wazee waliofanya kazi hapo, makuli, mafundi mitambo, walinzi, mtembee nao eneo zima. Mwulizeni, mzee, tangi la dizeli lilikaa wapi, oili chafu mlikuwa mnamwaga wapi, betri mbovu mlitupa wapi, moto uliwahi kuwaka? Kila jibu liwekwe kwenye ramani kwa namba. Saa mbili na mzee mmoja mwenye kumbukumbu zinawaokolea hela nyingi za maabara, kwa sababu sampuli zitachukuliwa pale penye shaka badala ya kupapasa eneo zima.

Kisha kuna kuangalia kwa macho na pua. Chimba shimo la nusu mita, mwenye kuchimba avae glavu na buti. Udongo wa kawaida wa ufukweni ni mchanga wa kahawia au kijivu, unanuka unyevu. Ukikuta tabaka jeusi linalonata, linanuka kama karakana, na maji yakijikusanya chini yanafanya utando wa rangi za upinde wa mvua, hapo kuna mafuta. Ujaribu utando kwa kijiti: ukikatika vipande vipande kama gamba yaweza kuwa ni kutu tu na bakteria wa asili, ukikatika halafu ukarudi kuungana ni mafuta. Lakini risasi na PCB huzioni wala huzinusi kwa hiyo msitangaze eneo ni salama kwa sababu halinuki. Na paa la asbesto msiliguse, msilipasue, msiruhusu vijana wa vyuma chakavu walishushe kwa nyundo, lile vumbi linaua baada ya miaka mingi. Lishushwe na watu wenye vifaa na kibali.

Nusu ya pili ni maabara, inasimamiwa na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, na bajeti yake iwe ya mradi siyo ya wananchi kuchangishana.

Matokeo yakija mabaya siyo mwisho. Kuna kufunika kwa udongo safi na sakafu ngumu, kuna kuchimba na kuhamisha, na kuna kuwaachia vijidudu kazi ya kuyala mafuta. Seattle walikuwa na kiwanda cha gesi kilichokufa ukingoni mwa ziwa, udongo umejaa lami na mafuta, wakachanganya na machujo ya mbao na tope la majitaka ili bakteria wafanye kazi, mitambo mingine wakaiacha isimame, wakafungua bustani 1975. Njia hiyo inasaidia mafuta, haisaidii risasi, na hata wao walilazimika kurudi kusafisha tena baadaye. Kwetu machujo na samadi vipo tele, ila kazi ifanyike kiangazi na mbali na maji, tuta lizunguke lote, maana mvua za Novemba mpaka Aprili zitalipeleka lote ziwani. Na Tanganyika siyo mto, maji yake yanachukua mamia ya miaka kubadilika, tunachokimwaga humo tunaishi nacho sisi, Warundi, Wakongo na Wazambia.

4. Chora mstari wa maji kabla ya mstari wa jengo

Fupi lakini usiiruke. Wazee wanakumbuka maji yalivyopanda miaka ya mwanzo ya 60, na kuanzia 2020 hivi tumeona wenyewe ziwa likimeza nyumba na barabara Bujumbura, Uvira, Kalemie na huku kwetu. Tembeeni ufukweni mtafute doa la maji kwenye kuta na mashina ya michikichi, wekeni alama ya rangi, mpimaji aisome kimo chake. Chochote cha kudumu sakafu yake iwe juu ya alama hiyo na nyongeza. Vinavyolazimika kuwa chini, chanja, ngazi za kushushia, sakafu ya kupokelea samaki, vijengwe vya kuhimili kuzama au vya kuhamishika. Hamburg walipofufua bandari yao ya zamani, hekta 157, hawakuzunguka ufukwe wote kwa ukuta, waliinua majengo juu ya vilima vya udongo kama mita 8 kutoka usawa wa bahari, barabara za chini kabisa zikaachwa zifurike maji yakija.

5. Mikutano, na mchoro sasa

Mkifika hapa mnavyo vitu vinne mkononi, jedwali la umiliki, orodha ya watu, ramani ya udongo, mstari wa maji. Sasa mwite afisa mipango miji, na mkutano ufanyike pale pale ufukweni, siyo ukumbini. Wakina mama wakutane peke yao kwanza saa wanayochagua wao, mara nyingi mchana dagaa wakiwa wanakauka, kwa sababu kwenye mkutano mkubwa wenye vipe wataongea mpaka jua lizame. Vijana hivyo hivyo. Watu wenye ulemavu waulizwe njia na ngazi.

Halafu msichore kwenye karatasi kwanza. Chukueni kamba na vigingi mchore chini kwa ukubwa halisi, hapa sakafu ya kupokelea, hapa chanja, hapa choo, hapa njia ya lori, na mtembee ndani yake na ndoo kichwani. Utaona mara moja kwamba njia ya lori inakata njia ya wabeba mizigo, kitu ambacho kwenye karatasi kila mtu alikipigia makofi. Tengenezeni mapendekezo mawili au matatu, yabishaniwe, muhtasari uandikwe na kusainiwa na wasiokubaliana waandikwe pia na sababu zao.

Njia rasmi inakwenda hivi: mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri, Baraza la Madiwani. Mfumo wa O&OD, ule wa wananchi kutaja fursa na vikwazo vya maendeleo yao, unawapa nafasi ya kuingiza kipaumbele chenu kwenye bajeti, ila mzingatie kalenda, mkichelewa mpaka bajeti imefungwa mmesubiri mwaka mzima. Kwa upande wa ardhi mnataka mpango kina, yaani mchoro rasmi wa kina wa eneo, unaotambulika kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, bila huo yote haya ni maneno na mwekezaji yeyote anaweza kuyapita. Mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa na mwaloni, watu wauone kwa siku za kutosha. Kigoma-Ujiji mwaka 2016 ilikuwa moja ya serikali za mitaa 15 za kwanza duniani kuingia kwenye mpango wa Open Government Partnership, wa serikali kuwa wazi kwa wananchi, nchi ikajitoa mwaka uliofuata, lakini kubandika karatasi ukutani hakuhitaji mkataba wa kimataifa.

6. Pesa

Kuna pesa ya kupanga na pesa ya kujenga, na sisi tunaomba ya kujenga tu. Marekani wameelewa hili mapema, shirika lao la mazingira, EPA, mwaka 1995 lilianza kwa ruzuku ndogo tu za hadi dola 200,000 kwa mji ili wajue nini kiko ardhini na nini kifanyike, na jimbo la New York tangu 2003 lina programu inayoitwa Brownfield Opportunity Area inayowapa manispaa na vikundi vya wananchi fedha za kupanga mtaa mzima wenye maeneo yaliyotelekezwa badala ya kiwanja kimoja kimoja. Basi na nyie ombeni mstari mdogo kwenye mapato ya ndani ya manispaa kwa ajili ya upimaji, maabara na mikutano. Ni hela ndogo na inafungua kubwa kwa sababu mfadhili anapenda kukuta kazi imeshapikwa.

Kubwa: barabara, mifereji, taa na masoko yanaweza kuingia kwenye TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia kwa miji 45 ambao Kigoma-Ujiji imo. Vikundi vya wachakataji na vijana vichukue mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, inafaa kwa chanja, majokofu, mashine ya barafu, siyo kwa gati. Tanga wamefanya kitu kikubwa 2024, mamlaka yao ya maji ikauza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, lakini ile ina wateja wanaolipa bili kila mwezi, mwalo hauna, kwa hiyo msikimbilie huko. Ubia na sekta binafsi unafaa kwenye magodauni yanayoweza kuingiza kodi, na mkataba useme wazi njia ya umma mpaka majini haifungwi, saa zote.

7. Nani atashika funguo

London wana mafundisho mawili kwenye mto mmoja. Bandari zao za mashariki mwaka 1981 zilipewa shirika la serikali lenye mamlaka ya kupanga lililozipita halmashauri za pale, majengo marefu yakaja, na wakazi wa zamani wakabaki wanalalamika kwamba ajira na nyumba siyo zao. Juu kidogo ya mto, Coin Street, wakazi walipigania miaka saba dhidi ya maofisi, 1984 wakanunua ekari kama 13 kwa pauni milioni moja wakiwa kampuni yao ya kijamii, wakajenga nyumba za ushirika, wakafungua njia ya mtoni, na maduka yakawa yanalipia mengine.

Mimi nachokipenda zaidi ni Granville Island kule Vancouver. Eneo la viwanda limechoka, serikali ikaligeuza soko 1979, na kiwanda cha zege hawakukiondoa, kikaendelea kufanya kazi katikati ya soko na wasanii. Kwetu tafsiri yake iko wazi: chelezo, pale boti zinapopandishwa kutengenezwa, na fundi boti wabaki. Ukiwatoa wao umetoa sababu ya watu kuja. Na Forodhani Zanzibar ilipofunguliwa upya 2009 wauza vyakula walirudi, ndo maana mpaka leo jioni pamejaa.

Kwa hiyo dai hati au mkataba wa muda mrefu kwa ushirika wa watumiaji, na viti vya wachakataji kwenye bodi viandikwe kwenye katiba yake, siyo ahadi ya mdomo ya mheshimiwa.

8. Anza na vitu vidogo kabla mradi mkubwa haujaja

Mpango kina unaweza kuchukua miaka. Msikae. Baada ya mmiliki kukubali kwa maandishi, zibeni mashimo, wekeni uzio mdogo kwenye ule udongo mbaya na kibao cha onyo, fungueni njia ya upana wa mkokoteni mpaka majini, taa mbili tatu za sola, chanja za juu ya ardhi ili dagaa wasianikwe mchangani. Dagaa wa chanja hawana mchanga na wanauzika bei nzuri, hapo watu wataamini mradi kuliko hotuba yoyote. Choo kiwe na mtu anayelipwa kila wiki kutokana na ushuru wa mwalo, hesabu yake ibandikwe mlangoni, kiasi kilichoingia, kilichonunua sabuni, kilichobaki, na mwenye kushika daftari abadilishwe kila baada ya miezi sita.